Upande wa Pili wa Ua wa Michongoma

Kwa miaka mingi sehemu ya jirani yangu niliyoifahamu vizuri kuliko zote ilikuwa kofia yake. Ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zetu ulipita kimo cha mtu, na ulikuwa mnene kiasi kwamba hata kuku walishindwa kuupenya. Kofia ilionekana alipopanda ngazi kuupunguza ua juu. Aliposhuka, ilibaki sauti. Barabarani tulikutana mara chache, tukasalimiana kwa adabu ya watu wasiozoeana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mazungumzo yetu hasa tuliyafanya tukiwa tumetenganishwa na miiba, na sidhani kama yangewezekana kwa namna nyingine.

Nyumba zetu zipo Ujiji, upande wa juu wa barabara iendayo Kigoma mjini, mahali ambapo ziwa huonekana kwa kipande tu katikati ya mapaa ya bati. Mimi ni Muha wa Kasulu niliyehamia huku kikazi. Nilitumikia idara ya maji hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kusoma kipimo cha kina cha ziwa kila asubuhi na kukiandika. Kazi hiyo humzoeza mtu kutopokea jambo ambalo halikupimwa. Jirani yangu alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mtu wa msikitini, mpishi wa meli aliyestaafu, na tabia yake ilikuwa kupokea kila kitu.

Ninaandika habari za ua huo kwa sababu haupo tena. Mke wangu alipofariki, na watoto wakiwa wametawanyika Mwanza na Dodoma, ua ulikuwa ndiyo sehemu pekee ya kiwanja changu iliyonijibu nilipozungumza. Kisha akafariki jirani, nikabaki na ua. Halafu binti yake akaja kuuondoa.

Mchongoma si mti wa kubembelezwa. Ukiachwa mwaka mmoja hurudi kuwa pori. Ukikatwa vibaya hukauka chini na kuacha matundu ambayo mbuzi huyagundua kabla ya mwenye nyumba. Kanuni ya kwanza ni kwamba ua uwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua lifike hadi kwenye matawi ya miguuni. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa kuinama kunachosha, na baada ya misimu michache huwa na ua unaofanana na mwavuli: majani juu, vijiti vitupu chini. Kanuni ya pili ni kutokata katikati ya kiangazi, kwa maana majani ya ndani hayajazoea jua, na jua la Agosti huyachoma yakawa ya kahawia kwa siku chache. Tulikata kwa nguvu mvua zilipoanza, tukarudia zilipokuwa zikiisha, na kati ya hapo tulisawazisha kila Jumamosi, siku ambayo haikuwa ya ibada yake wala yangu. Mikasi tuliinoa kwa tupa. Mkasi butu haukati mchongoma, huutafuna, na tawi lililotafunwa hufa hadi kwenye kifundo. Miiba iliyoanguka tuliiokota yote, kwa kuwa watoto wa mtaa wetu hupita pekupeku.

Upande wangu niliukata kwa kamba na pimamaji. Upande wake aliukata kwa jicho, nami nilikuwa na mashaka makubwa na jicho hilo, ingawa sikuwahi kuingia kwake kulikagua. Sehemu ya juu ilikuwa yake peke yake. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Ilikuwa yake kwa sababu huko juu ndiko alikochonga.

Hakuchonga kiumbe chenye roho. Dini yake, kwa namna alivyoielewa, ilimkataza kutengeneza sura ya mnyama au ya mtu, kwa hiyo alichonga vyombo. Kuanzia barabarani kulikuwa na birika, katikati karabai, ile taa ya wavuvi, na mwisho kabisa meli yenye bomba moja la moshi, ambayo hakuimaliza. Namna yake ilikuwa ya subira. Aliyaacha machipukizi yaliyonyooka yakue misimu miwili bila kuguswa, akayafunga pamoja kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ambao hunyumbuka tawi linaponenepa wala haukati gome kama waya, kisha akapunguza kidogo kidogo kutoka nje kwenda ndani. Birika lilimchukua miaka.

Kwa bahati mbaya, mtaa mzima uliliona birika kuwa bata. Mdomo wa kumiminia chai ulielekea barabarani, tumbo lilikuwa la mviringo, na waendesha bodaboda wakaanza kuwashusha abiria "kwenye bata". Habari zikafika msikitini. Siku moja wazee wawili wakaja kumwuliza, kwa upole, juu ya kiumbe kilichokaa kwenye ua wake. Nilimsikia akiwajibu kutoka juu ya ngazi.

"Mmeona wapi bata mwenye kifuniko?"

"Kumbe ni kifuniko," mmoja wao akasema. "Sisi tulidhani kishungi."

Walipoondoka, aliniuliza kupitia majani mimi nasema nini, maana nilijidai kuwa mtu wa ushahidi. Nilimjibu kwamba nimekiona kitu hicho kutoka upande mmoja tu, na kwamba siwezi kukitolea ushahidi. Alinuna hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo akaanza kukuza mkono wa birika, ili mtu yeyote mwenye akili timamu aone kwamba bata hana mkono wa kushikia. Mkono ulipokamilika ulikuwa mkubwa kuliko birika lenyewe. Waendesha bodaboda waliendelea kusema bata.

Kila Jumamosi aliniletea habari alizozipata kwenye mwalo wa Kibirizi kwa wanunuzi wa dagaa. Ziwa lilipopanda na kuziingilia nyumba za ufukweni, alinieleza kwamba mdomo wa mto unaotoa maji upande wa Kongo umezibwa na magugu. Wiki iliyofuata ulikuwa umezibwa na jiwe. Iliyofuata tena, na mashua iliyozama ikiwa imejaa saruji. Kila mara nilimwuliza ni nani aliyeona. Kila mara alikuwa mtu aliyemsikia mtu.

"Wewe bwana wa vipimo," aliniambia, "hata siku uliyozaliwa nadhani ulimtaka mkunga alete shahidi."

Nilimweleza mvua za nchi zilizotuzunguka, na namna ziwa kubwa linavyochelewa kupanda na kuchelewa kushuka. Alinisikiliza hadi mwisho, mkasi wake ukiwa kimya, kisha akasema kwamba maelezo yangu ni mazuri lakini yale ya mashua yanavutia zaidi.

Alifariki kiangazi. Nilijua kwa sauti za watu waliokuwa wakikusanyika upande wa pili asubuhi ambayo haikuwa Jumamosi. Nilikwenda mazikoni, nikatia udongo kama jirani, nikarudi. Mke wake alikuwa ametangulia, watoto walikuwa mbali, na nyumba ikafungwa kwa kufuli.

Niliendelea na upande wangu. Kila Jumamosi nilitoa kamba na pimamaji, nikakata, nikaokota miiba, na hakuna aliyeniambia lolote juu ya ziwa. Huko juu mvua zilipoanza machipukizi yalitoka kila mahali. Birika lilipoteza mdomo kwanza, ambao ndio uliokuwa ukilisingizia ubata. Kisha karabai ikawa kichaka. Meli, kwa kuwa haikukamilika, haikuwa na mengi ya kupoteza. Ngazi ninayo. Sikuipanda. Kazi ya juu haikuwa yangu, na sikujua tawi lipi lilikusudiwa kuwa nini.

Binti alikuja mvua zilipokwisha. Aliniamkia, nikampokea, akakaa kwenye kiti nilichompa na kunieleza shida yake bila kuzunguka. Wafanyabiashara wa dagaa ambao ghala lao la ufukweni liliharibiwa na maji walitaka kuipanga nyumba ya baba yake. Walihitaji ukuta wa matofali, na geti la kupitisha lori, na uwanja wa kuanikia. Ua ulikula nafasi, miiba yake ilitoboa matairi na magunia. Alizungumza kwa heshima kabisa. Nilimwambia kwamba ua upo mpakani, nusu yake ni yangu, na kwamba nusu ya ua haing'oki.

"Baba umejuaje kwamba upo mpakani?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa ukaidi, alitaka kujua. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa lile ambalo ningelikataa kwa mtu mwingine yeyote, yaani kwamba kila mtu anajua. Ua niliukuta nilipohamia. Sikuwahi kuuliza ni nani aliupanda, wala wapi.

Hatukuelewana, akalipeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akatupangia siku. Nilikuwa na siku kadhaa mbele yangu, nikazitumia kutafuta bikoni, vile viguzo vifupi vya zege ambavyo wapima ardhi huviacha kwenye pembe za viwanja. Ya upande wa barabara niliipata chini ya mchanga ulioletwa na mvua. Ya nyuma niliichimbua kwenye majani makavu na miiba ya miaka mingi, na mikono yangu ilibeba alama zake kwa muda. Nikafunga kamba kutoka bikoni moja hadi nyingine, nikaikaza.

Nilitarajia ipite katikati ya mashina. Ilipita upande wangu, mbali na shina la karibu kwa urefu wa mkono mzima. Nikaifungua, nikaifunga upya kuanzia upande wa pili, nikaikaza zaidi. Kamba ilirudi palepale. Mashina yote, bila kubaki hata moja, yalikuwa ndani ya kiwanja cha jirani. Kitu nilichokuwa nikikinyoosha kwa pimamaji miaka yote hiyo yalikuwa matawi ya mtu mwingine yaliyoingia kwangu.

Nilizifukia bikoni ili mtu asijikwae, nikakunja kamba, nikaingia ndani. Hakuna aliyeniona. Katika mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyejua bikoni hizo zilipo, na nilijua kwa hakika kwamba watu wangenitetea. Ningenyamaza tu, ua ungebaki umesimama. Ungesimamishwa na neno la kila mtu anajua, ambalo nimelipinga maisha yangu yote ofisini, kanisani na kwenye ua huohuo. Nikisema kwamba jambo hilo halikunisumbua nitakuwa nimesema uongo. Lilinisumbua hadi asubuhi ya shauri, na hata nilipokuwa nikivaa viatu sikuwa na uhakika.

Barazani kwa mwenyekiti walikuja fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara na bibi mmoja muuza mawese, pamoja na wengine waliokuja kusikiliza. Fundi alieleza kwamba alimsikia marehemu mara nyingi akisema "ua wetu", na mtu hasemi "wetu" kwa kitu chake peke yake. Bibi alisema kwamba ua umekaa katikati tangu barabara haijawekwa lami. Yeye mwenyewe hakuuona ukipandwa, lakini marehemu mume wake alimwambia, na mume wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu wakaitikia. Mwenyekiti akamgeukia binti kumwuliza kama ana shahidi.

"Sina," alisema. "Shahidi wangu tumemzika."

Mwenyekiti alikuwa tayari kutoa uamuzi. Aliniuliza, kwa taratibu tu, kama ninalo la kuongeza.

"Ua ni wa binti," nikasema. "Nimepima."

Nikaeleza bikoni zilipo na kamba ilivyopita, na kwamba yeyote mwenye mashaka anaweza kuja kutazama. Bibi muuza mawese alinigeukia na mwili wake wote.

"Na nani alikutuma kupima, mzee? Sisi tumekuja kukutetea, wewe umekuja na kamba."

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka, na shauri likaishia hapo. Hakuna aliyefuatana nami kurudi nyumbani isipokuwa binti, ambaye aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyenishinda. Alisema angependa kuuacha, lakini wapangaji hawangoji, na mafundi wangeanza Jumatatu. Nilimwomba kitu kimoja: ruhusa ya kuingia kwake Jumamosi na mkasi wangu.

Siku hiyo nilipita kwenye geti lake la mbao kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Upande wake ulikuwa umeota kwa msimu mzima bila kuguswa, machipukizi yamechomoza kila upande, kijani kibichi juu ya kijani kizito. Binti alikuwa akifungasha vyombo barazani. Alinitazama nikinoa mkasi.

"Baba, unaupunguza ya nini? Jumatatu wanaung'oa."

"Leo ni Jumamosi," nikamjibu, nikaanza.

Mtu anayekata ua uliozidiwa hafuati majani; hutafuta vikonyo vya zamani. Kila tawi lililowahi kukatwa huacha kikonyo kilichokomaa, na ukivifuata vikonyo hivyo, uso wa zamani wa ua hurudi wenyewe chini ya mkasi. Nilitaka hatimaye kulikagua lile jicho lake. Uso ulirudi, na ulikuwa umenyooka. Sikuwa na pimamaji wakati huo, lakini nimefanya kazi ya kupima muda mrefu, na najua mstari ulionyooka nikiuona.

Nilipofika nyuma ya nyumba vikonyo vikanipotea. Nilipovitarajia havikuwapo. Niliingiza mkono kati ya machipukizi nikavikuta ndani zaidi, nikakata kuvifuata, na kadiri nilivyokata ndivyo ua ulivyozidi kurudi nyuma, hadi nikawa nimefungua bonde la mviringo ndani ya michongoma. Lilikuwa laini kama bakuli. Upana wake ulitosha kichwa na mabega ya mtu aliyeketi, na kimo chake kilikuwa cha kigoda. Vikonyo vyake vilikuwa vingi, vya rika tofauti, vingine vimenenepa kama kidole: kazi ya misimu mingi, si ya siku moja. Majani yaliyobaki kati ya bonde hilo na upande wangu yalikuwa membamba, hata niliona mwanga wa kwangu ukipenya. Niliinama nikatazama. Nilichokiona ni miguu ya kiti changu, kile ninachokalia asubuhi.

Nilimwita binti, nikamwuliza hapa baba yake alikuwa akifanya nini. Alikuja akifuta mikono kwenye khanga, akatazama, akatabasamu.

"Hapo mama alikuwa akimcheka sana," alisema. "Mimi sikuona mwenyewe. Nilisikia tu."

Kwa kawaida mimi huishia hapo. Mtu akisema amesikia tu, humshukuru na kubadili mazungumzo. Mkasi ulikuwa mkononi na nilikuwa na kazi ya kumaliza.

"Ulisikia nini?" nikamwuliza.

Akanieleza. Mama yake alisimulia kwamba kila alfajiri, akitoka kuswali, mzee alibeba kigoda chake, akaketi pale na kuegemeza kichwa ndani ya majani, akangoja hadi jirani wa upande wa pili akohoe. Mimi hukohoa nikiamka. Nimekuwa hivyo tangu ujanani. Akishasikia kikohozi, aliinuka akaitisha chai. Mara moja nilipokwenda Kasulu msibani bila kuaga, alikaa pale mpaka jua likawa kali, na chai ikapoa, na mama akamwita mlinzi wa kikohozi. Jina hilo lilibaki nyumbani mwao. Binti alicheka alipolitaja, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nilimaliza upande ule. Bonde sikulijaza wala kulipanua. Nilisawazisha kingo zake tu. Miiba niliiokota kama kawaida.

Jumatatu walikuja na mapanga na majembe. Mashina yalikuwa makubwa kuliko walivyodhani, iliwabidi kuazima shoka. Miiba ilichomwa kwenye kona, na moshi wake uliingia ndani kwangu hata nilipofunga madirisha. Ukuta ukapanda. Wapangaji ni watu wa heshima. Huniamkia getini, na wakati mwingine huniletea samaki aina ya migebuka. Uwanja wao hunuka dagaa, harufu ambayo kila mtu wa ziwa hili ameizoea. Ukuta niliupima kwa pimamaji, upande wangu, nikauona hauna kasoro.

Maneno ya binti nimeyafikiria kwa utaratibu wangu. Aliyeyasema hakuyaona, aliyeyaona amekufa, aliyeyafanya amekufa. Ushahidi uliokuwapo ulikuwa bonde lenyewe, na bonde linathibitisha kwamba mtu aliketi hapo, halithibitishi aliketi kwa ajili gani. Lakini palikuwa na kipimo kimoja rahisi ambacho kingenisogeza karibu na hakika. Ningemwomba binti aende upande wangu, akae kwenye kiti changu, akohoe. Nami ningeketi kwenye kigoda, niingize kichwa mle ndani, nisikilize kama sauti inafika. Ingetuchukua muda mfupi sana. Tulikuwa na Jumamosi yote na Jumapili. Wazo hilo lilinijia wakati moto wa miiba ulikuwa unazimika na mafundi walikuwa wakichimba msingi.

Asubuhi naendelea kuamka na kukohoa. Kiti nimekiacha mahali pake.